Watu 48 wa Wolayta: je, ni mateso yanayolikuza Kanisa?

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, nje kidogo ya Kampala, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kwa siku nyingi kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na mashariki ya Kongo, ili kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mahali hapo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ni nadra mahubiri ya siku hiyo kumalizika bila kusikika maneno ambayo wengi wetu tumeyazoea tangu mafundisho ya kipaimara: damu ya mashahidi ni mbegu ya Kanisa. Mwenye maneno hayo ni Tertullian, mwandishi Mkristo wa mji wa Kartago, katika Tunisia ya leo, ambaye mnamo mwaka 197 aliwaandikia watawala wa Kirumi kwamba kila wanapowafyeka Wakristo, Wakristo wanazidi kuwa wengi, kwa kuwa damu yao ni mbegu. Tukumbuke aliyeambiwa maneno hayo. Tertullian alikuwa akisema na mtesaji, akimwonyesha kwamba upanga wake hautampa alichokitarajia. Sisi tumeyachukua maneno yale yale, tukayafanya kanuni ya ukuaji wa Kanisa, na mara nyingi tunamwambia anayeteswa.

Mjadala unaotokana na kanuni hiyo una pande mbili. Wapo wanaosema kwamba mateso hulisafisha Kanisa, huwaondoa waumini wa jina tu, na kwamba penye dhiki ndipo penye ongezeko. Wakitaka ushahidi huitaja China, Ethiopia na Uganda. Wapo wengine wanaosema kwamba mateso ni uovu unaoua, kwamba yameyafuta makanisa mazima katika uso wa dunia, na kwamba ukuaji unaoonekana baada yake una sababu nyingine zinazoweza kutajwa. Upande huu wa pili hausikilizwi sana katika makanisa yetu. Anayeuzungumzia hudhaniwa kuwa ana imani haba au kwamba amesahau msalaba, ilhali mara nyingi ni mtu aliyewahi kukaa na wakimbizi na kuona kilichobaki cha usharika uliotawanywa. Nadhani ana hoja nzito kuliko tunavyompa nafasi, lakini hoja hiyo haiwezi kusimama mpaka ikabiliane kwanza na mfano ulio mgumu kwake kuliko mingine yote.

Mfano huo unatoka Wolayta, kusini mwa Ethiopia. Wamisionari wa shirika la SIM walifika katika mji wa Soddo mwaka 1928. Hawakuwa na haraka. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1933, na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Kisha majeshi ya Italia yakaivamia Ethiopia mwishoni mwa mwaka 1935, Addis Ababa ikaanguka Mei 1936, na mwaka 1937 wamisionari wa mwisho wakalazimika kuondoka Wolayta. Walipohesabu waliobatizwa wakati wa kuondoka, walikuwa 48. Watu hao 48 walikuwa na sehemu chache tu za Maandiko katika lugha yao, hawakuwa na mchungaji aliyepitia chuo chochote, na walibaki chini ya utawala wa kigeni uliowashuku. Viongozi wao walikamatwa, wakafungwa, wakachapwa viboko hadharani. Mwitalia alipoondolewa mwaka 1941 na wamisionari wakaanza kurejea katika miaka iliyofuata, walikuta waumini wanaokadiriwa kufika 10,000.

Takwimu hii nimeigeuza kila upande kwa miaka mingi, na ninaomba msomaji anivumilie nikiigeuza tena. La kwanza ni kwamba tarakimu zake mbili si za aina moja. Ile 48 ni hesabu ya waliobatizwa, watu waliojulikana kwa majina na nyuso. Ile 10,000 ni makadirio ya watu waliokuwa wamejiunga na jumuiya zilizotapakaa vijijini, na hapakuwa na daftari lililoandikwa gerezani. Mwaka 1937 tayari walikuwepo wengi waliokuwa wakisikiliza na kufundishwa bila kubatizwa, kwa hiyo mwanzo halisi ulikuwa mkubwa kuliko 48. Basi tupunguze. Tuseme waliokutwa hawakuwa 10,000 bali nusu yake, na tuseme walioachwa, pamoja na wasikilizaji, walikuwa mara nne ya 48. Hata hivyo tunabaki na ongezeko la zaidi ya mara ishirini na tano katika muda wa takriban miaka mitano, bila mmisionari, bila fedha kutoka nje, bila jengo. Hakuna namna ya kuipunguza takwimu hii mpaka ikawa ya kawaida, na mtu anayetaka kudai kwamba mateso huua tu hana budi kukaa nayo.

La pili ni kwamba Wolayta haikuwa shamba tupu. Eneo hilo lilitwaliwa na majeshi ya Mfalme Menelik wa Ethiopia mwaka 1894, na wakulima wake wakageuzwa kuwa wapangaji na watumishi wa mabwana waliotoka kaskazini. Dini ya mabwana hao ilikuwa Ukristo wa Kiorthodoksi, uliosaliwa kwa lugha ya Ge'ez isiyoeleweka na mkulima. Kabla ya mmisionari yeyote kufika, alitokea kusini humo mhubiri wa kienyeji aliyeitwa Esa Lale, aliyewaita watu waache mizimu na kumwomba Mungu mmoja Muumba, na wazee wengi walimkumbuka waliposikia mahubiri mapya. Uvamizi wa Waitalia ulivuruga mamlaka ya mabwana wa zamani kabla haujaweka ya kwake vijijini. Kwa maneno mengine, palikuwa na kiu, palikuwa na kumbukumbu, na palikuwa na ufa katika utawala ambamo watu wa kawaida waliweza kutembea kutoka kijiji hadi kijiji. Mtafiti wa historia ya jamii angeweza kuridhika na maelezo hayo.

Mimi siridhiki nayo kabisa, kwa sababu ya chakula. Katika magereza ya Ethiopia ya wakati ule mfungwa alilishwa na ndugu zake. Asiye na ndugu wa karibu aliona njaa. Waumini waliofungwa Soddo waliletewa chakula na watu wasiokuwa wa ukoo wao, wakitoka vijiji vya mbali, kwa zamu, na chakula kilitosha hata kugawiwa wengine. Jamii iliyojua wajibu wa damu peke yake iliona kundi la watu wanaobebana mizigo bila undugu wa damu, ikauliza sababu. Waliowatia watu gerezani walikuwa Waitalia. Walioleta chakula walikuwa watu wa Wolayta. Tukiulizwa ni nini kilichowavuta majirani, sioni kwa haki gani tunaweza kukipa kiboko sifa iliyo ya mwanamke aliyebeba chakula kichwani mwendo wa siku nzima. Na ni vizuri kukumbuka pia kwamba wazee wa jumuiya hizo walikuwa wamekwisha kukabidhiwa kazi ya kufundisha na kubatiza kabla hali haijawa mbaya. Mmisionari alipoondoka hapakuwa na mtu aliyesubiri ruhusa yake.

Jambo hilo hilo linaonekana Buganda, na hapa historia inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa karibu. Maandiko ya kwanza kusomwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa yalikuwa ya Kiswahili, na kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, alibaki huko mwaka 1875 ili kumsomea Kabaka. Walioongoka waliitwa wasomaji, abasomi, kabla hawajaitwa jina lingine lolote. Mapadre Weupe walifika mwaka 1879, lakini Novemba 1882, wakihofia usalama wao, wakahama Buganda na kwenda kusini mwa ziwa, mpaka Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi hadi mwaka 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja. Waliowafundisha wenzao katika kipindi hicho ni walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa karibu na mji mkuu, Matiya Mulumba huko Mityana. Mapadre waliporudi walikuta kundi lililoongezeka.

Baadaye ndipo yakaja mauaji. Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa Busega. Novemba mwaka huo Yosefu Mukasa akauawa. Na usiku uliofuata kifo chake Karoli Lwanga, mtumishi mwingine wa ikulu, akaenda kubatizwa. Mwezi Mei 1886, wakati ilipokwisha kuwa wazi kwamba Kabaka ameamua kuwaangamiza, Lwanga, ambaye alikuwa Mkristo aliyebatizwa kwa miezi sita tu, aliwabatiza kwa mkono wake mwenyewe vijana wanafunzi wa dini waliokuwa chini yake, Kizito akiwamo. Tarehe 3 Juni alikufa Namugongo. Tukilitafakari tukio hilo la Lwanga kuwabatiza vijana wale tutaona kwamba Kanisa la Buganda lilikuwa limekwisha kukua kabla kuni za Namugongo hazijawashwa; lilikuwa limekua kwa maana ya kwamba mlei wa miezi sita alijua la kufanya na akajiona ana wajibu wa kulifanya.

Nao ukuaji wa idadi uliofuata baada ya mwaka 1890 hauwezi kutajwa bila kutaja siasa. Mwanga alipinduliwa mwaka 1888, vikafuata vita vya vikundi vya dini, na Januari 1892 Wakristo wenyewe kwa wenyewe, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana Mengo huku bunduki za Mwingereza Kapteni Lugard zikiamua mshindi. Machifu waliotawala baadaye walikuwa Wakristo, na watu wengi waliwafuata machifu wao. Damu ya mashahidi ilikuwa na nafasi yake katika mioyo, sina shaka. Lakini anayehesabu waliobatizwa miaka ya 1890 na kuwaandika wote katika hesabu ya Namugongo anasahau kwamba kufikia hapo kuwa Mkristo kulikuwa njia ya kupata cheo.

Sasa tuugeukie upande wa pili, tuanze na mji wa Tertullian mwenyewe. Hakuna Kanisa la Kilatini lililotoa mashahidi maarufu kuliko lile la Afrika ya Kaskazini. Kulikuwa na mashahidi wa Scillium mwaka 180, Perpetua na Felisita mwaka 203, Askofu Sipriani mwaka 258. Kama damu peke yake ingekuwa mbegu, Tunisia na Algeria ya leo zingekuwa nchi za Kikristo kuliko Poland. Lakini mwaka 1053 Papa Leo wa Tisa alisikitika kusikia kwamba Afrika nzima ilibakiwa na maaskofu watano, na mwaka 1076 hawakupatikana hata watatu wa kumwekea mikono askofu mpya. Kanisa ambalo mwaka 411 liliweza kukusanya Kartago zaidi ya maaskofu 500 wa pande mbili zilizopingana lilikuwa limekauka.

Pande hizo mbili zenyewe zilizaliwa na mateso, na hili ndilo ambalo mahubiri yetu hayaligusi. Katika dhuluma ya Diokletiano, Mfalme wa Kirumi, iliyoanza mwaka 303, makasisi waliamriwa kuyatoa Maandiko yachomwe. Wengine walikataa wakafa, wengine waliyatoa. Amani iliporudi, waliosimama imara hawakuwa tayari kuwakubali waliotetereka, wakadai kwamba askofu aliyewekewa mikono na msaliti si askofu. Mgawanyiko huo wa Wadonatisti ulidumu zaidi ya miaka mia moja, kijiji kwa kijiji, madhabahu dhidi ya madhabahu. Mateso yaliisha kwa amri ya mfalme, lakini swali la nani alisema nini alipohojiwa halikuisha. Mtu yeyote aliyewahi kuishi mahali ambapo majirani walichongeana anajua jinsi swali hilo linavyoweza kukaa kimya mezani kwa vizazi viwili.

Wanaotetea kanuni ya damu na mbegu hujibu kwamba Afrika ya Kaskazini ilianguka kwa sababu injili haikutafsiriwa kwa Kiberberi. Jibu hilo lina uzito. Hakuna Biblia ya Kiberberi iliyotufikia kutoka zama hizo, ilhali Misri, iliyosali na kusoma kwa Kikopti, ina Kanisa hai mpaka leo. Ila jibu hilo likikubalika, kanuni yenyewe imekwisha kubadilika: kinachotegemewa sasa ni lugha, na damu imewekwa nyuma. Tena lugha nayo haitoshi. Wanubi wa bonde la Nile, katika Sudan ya leo, walikuwa na Maandiko kwa lugha yao wenyewe na makanisa yaliyochorwa picha nzuri, na bado Ukristo wao ulikwisha. Kilichowashinda kwa sehemu kubwa ni kwamba maaskofu wao walitoka Aleksandria, na njia ilipofungwa hawakuja tena. Mreno Francisco Álvares, aliyekaa Ethiopia kati ya mwaka 1520 na 1526, aliona watu sita kutoka Nubia wakifika kwa mfalme Lebna Dengel kuomba mapadre na watawa wa kuwafundisha. Mfalme akawajibu kwamba yeye mwenyewe humpata askofu wake kutoka kwa Patriarki wa Aleksandria, atawezaje kutoa kilicho cha mwingine? Watu wale wakarudi kwao mikono mitupu. Sidhani kama kuna safari ya kurudi nyumbani inayosikitisha kuliko hiyo katika historia yote ya Kanisa la Afrika.

Tofauti na Wolayta iko wazi. Wanubi waliomba waletewe. Watu 48 wa Wolayta walikuwa wameshaanza.

Japani inatufikisha katikati ya ncha hizo mbili. Francis Xavier alifika Kagoshima mwaka 1549, na mwanzoni mwa karne ya 17 Wakristo walikadiriwa kufika 300,000. Mwaka 1614 dini ilipigwa marufuku kote nchini, mapadre wakauawa au kufukuzwa, na watu walilazimishwa kukanyaga picha takatifu ili kuthibitisha kwamba wameikana. Huko Japani mateso yalifanya kazi. Hayakufaulu kwa asilimia mia, kwani tarehe 17 Machi 1865, katika kanisa jipya la Ōura huko Nagasaki, wanakijiji wa Urakami walimwendea Padre Petitjean, na mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wake, akauliza sanamu ya Maria iko wapi. Walikuwa wameuhifadhi ubatizo kwa zaidi ya miaka 200 bila padre, kwa kuwateua miongoni mwao wabatizaji. Kisa hicho hunigusa kila ninapokisoma. Lakini waliojitokeza na waliobaki mafichoni walikuwa makumi machache tu ya maelfu, na Wakristo wa Japani leo ni karibu asilimia 1 ya wananchi. Uaminifu wao haukuwa mdogo kuliko wa Wolayta. Dola iliyowakabili ilikuwa na daftari la kila kaya, na ilikuwa na subira ya karne mbili.

Katika siku zetu tunaye shahidi mwingine, nchi ya Iraki. Kabla ya mwaka 2003 Wakristo wake walikadiriwa kuwa karibu milioni 1.5, warithi wa makanisa yanayosali kwa lugha ya Kiaramu tangu karne za mwanzo. Leo makadirio mengi hayafiki 250,000. Julai 2014 Wakristo wa Mosul walipewa na kundi la Dola la Kiislamu uchaguzi wa kusilimu, kulipa kodi, kuondoka au kuuawa, wakaondoka karibu wote. Hawakuikana imani, walipoteza kila kitu kwa ajili yake, na imani yao sasa imo Sweden, Australia na Marekani. Kama mtu anasisitiza kwamba mateso hukuza Kanisa, inambidi awaambie watu wa Mosul kwamba wao walikosea wapi, na sijasikia jibu linaloweza kutamkwa mbele yao bila aibu.

Kuna jambo lingine, ambalo naona linasaidia kuzipatanisha baadhi ya takwimu hizi. Ukiangalia tarehe kwa makini, ongezeko kubwa mara nyingi hutokea mateso yanapolegea. Katika dola ya Kirumi, Mfalme Galieno alisitisha dhuluma mwaka 260, na miaka 40 na ushee iliyofuata, mpaka mwaka 303, ilikuwa ya utulivu kwa sehemu kubwa; ndicho kipindi ambacho makanisa yalijengwa waziwazi mijini. Nchini China Waprotestanti walikuwa karibu milioni 1 mwaka 1949. Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976 yalifunga makanisa yote, na imani ikahifadhiwa majumbani, mara nyingi na wanawake wazee. Lakini kufurika kwa watu kulikoifikisha idadi hiyo makumi ya mamilioni kulikuja baada ya mwaka 1979, makanisa yalipoanza kufunguliwa tena. Ukandamizaji wa miaka ile uliibua watu wasiotegemea jengo wala mshahara, na nafasi iliyofuata ikawapa uwanja. Wolayta haimo katika mpangilio huu, na ndiyo maana nilisema takwimu yake ni ngumu.

Ethiopia ile ile ya Wolayta ilijaribiwa tena chini ya Dergi, utawala wa kijeshi wa kikomunisti, kuanzia mwaka 1974 hadi 1991. Kanisa la Meserete Kristos, lenye asili ya Kimenonaiti, lilifungwa mwaka 1982. Mali yake ilichukuliwa na viongozi wake wakatiwa gerezani kwa miaka. Lilikuwa na washiriki wapatao 5,000. Liliporuhusiwa tena mwaka 1991 lilikuwa na wapatao 34,000. Kilichofanyika katikati kinaweza kuelezwa: ibada zilihamia majumbani katika vikundi vya watu wachache, wanawake wakawa walimu na waratibu kwa sababu mwanamke anayetembelea jirani hashukiwi, kila kikundi kikafundishwa kumtunza anayekuja na kumpitisha kwa mwingine. Serikali ilitaifisha majengo, kumbe majengo ndiyo yaliyokuwa yamewakalisha waumini kwenye viti wakimsikiliza mtu mmoja. Hapa naukubali upande wa kwanza bila kinyongo. Mateso yaliwasukuma watu wale katika mtindo wa maisha ya Kanisa ambao pengine wasingeufikia kwa hiari, na walipoufikia waliongezeka.

Ila tunaposema hivyo tunakiri pia kwamba mtindo huo unaweza kuanzishwa bila kungojea askari. Jumuiya ndogo ndogo zilizoasisiwa na maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970 zililenga jambo lilo hilo: kumrudisha mlei katika kufundisha, kuwatembelea wagonjwa na kuliongoza Neno nyumbani. Katika parokia nyingi zimebaki mahali pa kukusanyia michango na kutangaza misiba. Ningependa kuona tunaumia kwa ajili ya hilo kama tunavyosisimka kwa ajili ya Wolayta.

Matokeo ya kanuni yetu yanaonekana vibaya zaidi inapotumika kwa walio karibu. Januari 2023 bomu lililipuka wakati wa ibada katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, likaua watu na kujeruhi makumi. Watu wa Beni na Ituri wanasema Kiswahili chetu. Nyimbo zao ni nyimbo zetu. Anayewaambia kwamba Kanisa hukua kwa damu huenda ana nia njema, lakini amewapa kitu kisichoponya kidonda wala kulipa ada ya yatima. Tena ameondoa mzigo kwenye bega lake mwenyewe, maana kama mateso yana faida, basi hakuna haraka ya kumtafutia mtu wakili, blanketi wala mpaka ulio wazi. Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakiwaudhi katika mji huu wakimbilie mwingine. Mtume Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu, na alipofungwa kwa ajili ya viboko alidai haki yake ya uraia wa Kirumi. Wala hapana palipoandikwa kwamba alijiona amelinyima Kanisa mbegu.

Na wapo waliokataa kukimbia, nao hawakufanya hesabu ya ukuaji. Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, alipata nafasi ya kuondoka nchini baada ya kukamatwa na kuachiliwa na Dergi. Hakuondoka, kwa kuwa aliona mchungaji hawezi kuliacha kundi lake katika saa ya majaribu. Julai 1979 alitekwa Addis Ababa akitoka katika ibada, akauawa. Kanisa lake, lililoanza mwaka 1959 likiwa na watu wapatao 20,000, leo lina zaidi ya milioni 10, na watu wanaolitembelea hupenda kuitaja tarakimu hiyo pamoja na jina lake. Mke wake, Tsehay Tolessa, alitiwa gerezani kwa miaka 10 na kuteswa. Alitoka mwaka 1989. Mabaki ya mume wake yalipatikana baada ya Dergi kuanguka, na mwaka 1992, miaka 13 baada ya kutekwa kwake, akapata kumzika.